Hatua Thelathini za Mchanga

Kabla giza halijaingia nilikuwa nimehesabu hatua thelathini kutoka ukingo wa maji hadi ukuta wa mawe. Sasa ilikuwa saa tano za usiku, mwezi wa tano, ufuo wa Shanzu, na kijana niliyeongozana naye, mmoja wa wanaolinda viota vya kasa upande huu wa Kisauni, alikuwa ameninong'oneza mara mbili: "Mwalimu, tochi usiwashe. Hata simu, ifunike." Tukaketi chini ya mvinje, migongo kwenye shina, macho baharini. Maji yalikuwa yamejaa. Kwa muda mrefu sikuona kitu ila povu. Kisha mahali palipokuwa na mchanga mtupu pakawa na jiwe, na lile jiwe likasogea.

Nilimsikia kabla sijamwona vizuri. Kila akijivuta mara nne au tano alitua, akashusha pumzi nzito kama mtu aliyepandisha gunia la mkaa ghorofani. Mikono yake, ile iliyo kama makafi, imeumbwa kwa maji. Nchi kavu haimfai, na kila hatua ni kujikokota kwa kifua. Alitumia karibu nusu saa kufika chini ya vichaka vya juu ya ufuo. Akafukua mchanga mpaka mwili wote ukazama nusu, kisha akaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma.

Hapo ndipo kijana aliponiruhusu nisogee, kwa nyuma, kwa magoti, akiwa na tochi ndogo ya mwanga mwekundu. Mguu mmoja ulijikunja kama kiganja cha mtu achotaye unga, ukateka mchanga, ukautua pembeni bila kuumwaga. Kisha mguu wa pili. Hakuweza kutazama afanyacho, kwani shimo liko nyuma yake na shingo haifiki huko, lakini lilitoka lenye umbo la mtungi, jembamba juu, pana chini, na kina chake kingeumeza mkono wangu hadi karibu na bega. Mayai yakaanza kudondoka, mawili, matatu, meupe, ya mviringo, ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza. Yalibonyea kidogo yalipoangukia mengine, maana ganda lake ni laini kama ngozi. Kijana alikuwa akihesabu kwa midomo. Alifika 118.

Na kasa alikuwa akilia. Uteute mzito ulimtiririka kutoka machoni ukichanganyika na mchanga. Nyanya yangu kule Likoni alikuwa akituambia kwamba kasa hulia kwa uchungu wa uzazi, na kwa sababu anajua wanawe hatawaona. Nimefundisha biolojia sekondari moja ya Changamwe kwa miaka mingi, na kila mwaka nilieleza darasani kwamba yale si machozi ya huzuni: kasa hunywa maji ya bahari, figo zake haziwezi kuitoa chumvi yote, basi ana tezi kubwa karibu na macho zinazofanya kazi hiyo, usiku na mchana, baharini na nchi kavu. Majini hatuyaoni kwa sababu huoshwa. Bado naamini maelezo hayo, ndiyo ya kweli. Lakini usiku ule, nikiwa kwa magoti mita moja kutoka kwake, nilimwelewa nyanya.

Wanafunzi wangu wa Changamwe, watoto waliokulia baina ya matangi ya mafuta na malori ya bandari, walikuwa na swali moja lililojirudia: kasa akichoka na gamba lake, anaweza kulivua na kuhamia jingine, kama afanyavyo kaa anayeishi ndani ya makombe? Hawezi. Gamba la kasa ni mifupa yake. Mbavu zimetanuka, zikashikana na uti wa mgongo, zikawa paa. Na mabega yake, tofauti na mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo, yako ndani ya mbavu. Kumtoa kasa katika gamba ni kama kumtoa mtu katika kifua chake. Visukuku vinaonyesha namna umbo hilo lilivyokuja kidogo kidogo: nchini China kumepatikana jamaa wa zamani, aliyeishi miaka milioni 220 hivi iliyopita, mwenye gamba la tumboni tu, na meno kinywani. Kasa wa baharini wenyewe wana visukuku vya miaka milioni 120 kutoka Kolombia. Kimondo kilipoipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita na kumaliza enzi ya dinosaria wakubwa, kasa walikuwamo baharini, na walivuka.

Leo duniani kote zimebaki aina saba tu za kasa. Tano kati ya hizo huonekana katika bahari yetu. Yule wa usiku ule ni kasa wa kawaida, ambaye wataalamu humwita kasa wa kijani kwa rangi ya mafuta yake. Ndiye anayetaga zaidi pwani ya Kenya, na akishakua hula nyasi za bahari kama ng'ombe malishoni. Ng'amba ni mdogo zaidi, mdomo wake umechongoka kama wa mwewe ili uingie katika nyufa za matumbawe na kung'oa sifongo. Kigome naye hutaga huku, kwa uchache. Duvi, mwenye kichwa kikubwa na taya za kuvunja makombe, hupita. Na hupita noa, ambaye hana gamba gumu bali ngozi nene kama mpira, anayeweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 500, na chakula chake ni yavuyavu.

Mgeni akija Mombasa nikamwambia habari za reptilia wa kale, mara nyingi huwaza kobe wa Haller Park pale Bamburi, na hasa Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyeandamana na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Ni jamaa, ndiyo, lakini kobe hana shida ya kasa. Kobe anaishi, anakula na kutaga katika nchi ile ile. Kasa ana nyumba mbili, na ile anayokaa kidogo zaidi ndiyo inayoamua kama ukoo wake utaendelea.

Hilo ndilo linaloniandikisha makala haya. Tunapozungumza habari za kumwokoa kasa tunazungumza bahari: nyavu, plastiki, majahazi. Yote ni kweli. Lakini karibu robo tatu ya yale yanayoweza kumharibikia kizazi chake hutokea katika ule ukanda wa mchanga baina ya alama ya maji na ukuta wa mtu. Robo tatu ni kadirio langu mimi, la mtu aliyetembea fuo hizi, wala si hesabu ya maabara.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Timbwani, Likoni. Alimvua kasa, na sioni sababu ya kulificha. Watu wa pwani hii wamemvua kasa tangu zamani sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja kwamba gamba la kasa lilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka huku pamoja na pembe za ndovu, na kwamba watu wa kisiwa kimoja waliwanasa kwa vikapu vilivyofungwa kwenye milango ya maji. Babu alitumia jarife, ule wavu wa macho makubwa, lakini alichopenda kutuhadithia ni chazo. Chazo ni samaki mwenye kisahani kichwani anachojigandishia kwa papa na kasa. Mvuvi humweka hai majini, humfunga kamba mkiani, na akimwona kasa anaibuka kupumua, humwachia chazo. Samaki huenda mwenyewe, hujigandisha gambani, na hapo hawezi kung'oka. Kazi inayobaki ni ya mikono. Babu alikuwa akisema kamba ilipokaza alihisi kasa akipumua kupitia mkononi mwake.

Nyumbani palikuwa na chupa ya mafuta ya kasa, mafuta ya kupaka na kunywa kwa ajili ya kifua. Mimi mwenyewe nilinyweshwa nikiwa mdogo. Sijui mtoto wa Likoni wa rika langu ambaye hakunyweshwa.

Siku hizi nikisikia mtu anataka kumla kasa kwa kuamini ni dawa, humkumbusha Pemba. Mwezi wa kumi na moja 2021 watu saba walikufa huko baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa tatu 2024, katika kisiwa cha Panza, wakafa watoto wanane na mwanamke mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Sumu hiyo haiui kasa mwenyewe. Hukusanyika mwilini mwake kutokana na chakula chake, haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Watoto ndio wanaoumia kwanza, na mama anayenyonyesha akila, sumu huweza kumfikia mtoto kwa maziwa. Hakuna dawa ya kuikata. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa, na kumuua ni kosa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, jirani yangu, mwanao usimpe nyama ile.

Turudi mchangani. Mayai 118 yalipofunikwa, kasa aliupiga mchanga huku na huku kwa makafi yake mpaka mahali pa shimo pasijulikane, akageuka, akaenda. Hakurudi kuyaatamia. Joto la mchanga ndilo mama. Litayalea siku 50 hadi 60, na litaamua jambo ambalo kwetu sisi binadamu huamuliwa tangu mimba kutungwa: nani atakuwa dume na nani jike. Katika theluthi ya katikati ya siku hizo, mchanga ukiwa karibu na nyuzi 29 watoto hutoka wa mchanganyiko. Ukipanda juu ya hapo, majike huzidi. Ukishuka, madume. Kule Nyuzilandi kuna tuatara, reptilia mwenye sura ya mjusi ambaye si mjusi, aliyebaki peke yake katika oda nzima iliyoishi na dinosaria. Naye pia joto la udongo humwamulia, ila kwake mambo yamegeuka, joto kubwa huleta madume. Wazee hawa wawili wa ulimwengu wa reptilia wamefungwa na uzi mmoja, kila mmoja upande wake. Kaskazini mwa tumbawe kuu la Australia, uchunguzi uliotolewa 2018 ulikuta kwamba kati ya kasa wachanga waliozaliwa fuo za huko zenye joto zaidi, 99 katika kila 100 walikuwa majike. Kivuli cha mvinje, basi, au cha kichaka cha ufuoni, si pambo. Akiukata mtu mvinje ili chumba chake kione bahari, amepandisha joto la kitanda cha watoto asiowajua.

Siku ya hamsini na tano nilipanda matatu ya Mtwapa, nikashuka Shanzu, nikamkuta kijana wangu ameshafika. "Shikamoo Mwalimu. Mchanga umebonyea tangu jana." Marahaba, mwanangu. Watoto huvunja ganda kwa kijipembe cha puani ambacho baadaye hudondoka, kisha hawatoki. Husubiriana. Hupanda pamoja, wa juu wakikwaruza dari, mchanga ukianguka na kuwa ngazi ya wa chini, siku kadhaa, hadi wafike chini kidogo ya uso. Hapo husimama mpaka mchanga upoe, dalili kwamba jua limekuchwa. Saa mbili na nusu usiku pale mahali palichemka kama uji. Vichwa vyeusi, makafi madogo kupita kidole changu cha mwisho, wote kwa mkupuo mmoja.

Mtoto wa kasa akitoka hutafuta upande wenye mwanga na ulio chini, ajiepushe na giza la miti. Kwa miaka milioni na milioni sheria hiyo haikumdanganya: bahari usiku hung'aa kuliko nchi. Upande wa kushoto wetu kulikuwa na jengo moja lenye taa nyeupe kali juu ya paa, zinazoangaza ufuo mtupu ambao hapakuwa na mtu anayeutumia. Karibu thelathini wakageukia huko. Niliwaona wakipanda, kwa bidii ile ile ambayo ingewafikisha majini. Tukawaendea kwa ndoo. Kumi na saba tuliwapata. Wengine walikuwa wameshaingia katika majani na mashimo ya kaa, na asubuhi kunguru walikuwa pale kabla yetu. Kijana alikuwa ameshaenda mara mbili kuomba taa zile zizimwe saa za usiku, au zifunikwe upande wa bahari, au zibadilishwe ziwe za rangi ya chungwa iliyofifia, ambayo huwavuruga kasa kwa uchache zaidi. Aliambiwa arudi siku nyingine.

Wataalamu hukadiria kwamba katika watoto elfu moja, huenda mmoja akafika utu uzima. Na utu uzima wa kasa wa kijani ni jambo la miaka 25, 30, wakati mwingine zaidi. Atazurura bahari kuu, atakuja malishoni pwani, na siku ikifika atafuata nguvu za sumaku ya dunia, alizozisoma siku ya kwanza ya maisha yake, arudi karibu na mchanga uliomlea. Kasa yule aliyetaga Shanzu inawezekana alizaliwa wakati mimi nilikuwa msichana wa shule, ambapo hapo palikuwa na vichaka na minazi. Amerudi kwa ramani ya wakati ule. Ufuo unajengwa katika miaka mitatu, yeye anahitaji thelathini ili ajue umejengwa.

Lakini siandiki kwa kukata tamaa. Mbuga ya bahari ya Mombasa na hifadhi inayoizunguka, kilomita za mraba 200 hivi kwa ile hifadhi, zimelindwa tangu 1986. Kamati ya kuhifadhi kasa ya Kenya iliundwa 1993, na mwaka huo huo hoteli moja ya hapa Shanzu, Serena, ilianza kulinda viota. Kule Watamu, kikundi kilichoanza 1997 kimewashawishi wavuvi wamtoe kasa aliyenaswa akiwa hai, wapokee kifuta jasho cha wavu na muda, na kasa arudishwe majini. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, mifuko ambayo ikielea majini noa hawezi kuitofautisha na yavuyavu. Na Oktoba 2025 shirika la kimataifa la IUCN lilimtoa kasa wa kijani katika daraja la walio hatarini, likasema idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Ng'amba hakutolewa, yeye bado yuko katika hatari kubwa kabisa. Nilipoisoma habari ile nilitafuta sababu zilizotajwa, na ya mbele ilikuwa hii: miongo ya kulinda majike na mayai yao ufuoni.

Wiki mbili baada ya usiku wa mayai 118 tulikuwa ufuo mwingine wa upande huu huu wa Kisauni, ambako ukuta mpya umesogezwa mbele. Kasa hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya majuma mawili hivi, halafu hupumzika miaka miwili au zaidi. Bamvua ilikuwa imejaa na nilihesabu hatua nane tu za mchanga. Akatoka mmoja, mkubwa. Alijikokota moja kwa moja mpaka kichwa kikagusa saruji. Akatulia. Akaufuata ukuta kwa kushoto, mita kama kumi na mbili, akagusa tena. Akarudi kulia. Alianza kufukua palipokuwa na maji maji, mchanga ukamporomokea, akaacha. Kijana alikuwa ameweka mkono begani mwangu bila kujua. Kasa akapumua ile pumzi ya gunia la mkaa, akageuka, akarudi baharini na mayai yake tumboni, na wimbi la tatu lilipokuja lilikuwa limeshafuta nusu ya alama alizoacha.

Kijana alitoa daftari, akaandika tarehe, saa, na mahali. Katika safu ya mayai akatia sifuri. Kisha akaniuliza kama naweza kukaa mpaka alfajiri, maana kasa aliyekosa pa kutaga huweza kujaribu tena usiku ule ule, mbele kidogo, na mbele kidogo palikuwa bado na mivinje.